Majasusi wa suti nyeusi na mgeni wa mpakani

Kuna filamu moja ya vichekesho ambayo mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kuitazama mara mbili: mara ya kwanza acheke, mara ya pili ahesabu ni mangapi kati ya yale yamewahi kumkuta yeye. Inaitwa Men in Black. Ilitoka mwaka 1997 chini ya mwongozaji Barry Sonnenfeld, ikaingiza zaidi ya dola milioni 500 duniani, na bado inazunguka kwenye simu na flashi. Mimi niliitazama tena Olumbi, pwani ya wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, nikiwa na vijana ambao walisisitiza kunisimulia kila tukio lililokuwa mbele ya macho yangu.

Wahusika ni wawili wasiofanana kwa lolote. K, aliyechezwa na Tommy Lee Jones, ni mtu mzima, uso mkavu, maneno ya kuhesabu. J, aliyechezwa na Will Smith, ni polisi kijana wa New York ambaye mdomo wake hauna breki. Wanafanya kazi katika idara ya siri isiyotambulika na serikali yoyote. Hawana majina, wana herufi. Kazi yao ni kuwasimamia viumbe wa sayari nyingine wanaoishi duniani wakiwa wamevaa sura za watu.

Wengine wanaiita filamu ya majasusi, wengine ya sayansi ya kubuni. Kwangu mimi ni filamu ya Uhamiaji. Tazama ukumbi wa makao makuu yao: foleni, mizigo, dawati la pasipoti, afisa anayeuliza umekuja kufanya nini na utakaa muda gani. Kiumbe mmoja anajibu kwamba atakaa kwa muda wa chakula cha mchana tu. Ukumbi mzima wa sinema hucheka hapo, lakini mama anayevuka Ruvuma asubuhi kununua bidhaa na kurudi kwake kabla ya jua kuzama hatakuta cha kuchekesha. Hilo ndilo jibu lake la kila wiki, naye huwa anasema kweli.

Kichekesho chenyewe kimejengwa juu ya neno moja. Sheria za Marekani zilimwita raia wa nchi nyingine kwa neno lilelile linalotumika kwa kiumbe wa angani. Sisi tunalo neno mgeni, na kwetu mgeni huja mwenyeji akapona. Ukisogea kwenye dirisha la mpakani, hata hivyo, mgeni wetu naye hubadilika sura, akawa mtu wa kuchunguzwa kwanza na kukaribishwa baadaye, kama muda utakuwepo.

Sehemu ninayoipenda ni ya mwanzo kabisa. Polisi wa mpakani wamesimamisha gari lililobeba Wamexico waliovuka bila karatasi. K anafika, anawafukuza polisi kwa upole, kisha anapita mbele ya kila msafiri akimsalimu na kumtania kwa Kihispania. Wote wanaitikia, isipokuwa mmoja anayetabasamu na kutikisa kichwa kwa kila anachoambiwa, hata maneno ambayo mwenye akili zake angeyakasirikia. Huyo ndiye kiumbe aliyejificha ndani ya nguo za binadamu. K anamtoa pembeni na kuwaruhusu wengine waendelee na safari yao.

Hapo hakuna mtambo uliotumika. Kilichotumika ni lugha na subira ya kusalimiana. K alimpata aliyemtafuta kwa sababu alijua kuzungumza na wale ambao hakuwa akiwatafuta.

Olumbi wanaelewa uzito wa jambo hilo kuliko mhakiki yeyote wa filamu. Huku watu wanazungumza Kimwani, ambacho Mswahili anakisikiliza na kukipata nusu bila mkalimani, na Kiswahili kimekuwa lugha ya jahazi na ya soko tangu enzi za mababu. Kisha mashambulizi yakaanza Mocimboa da Praia Oktoba 2017, na Machi 2021 yakaingia mji wa Palma. Miongoni mwa washambuliaji walikuwamo wenye kuzungumza Kiswahili, Watanzania wakiwamo. Lugha iliyokuwa kibali cha kupita ikageuka kuwa sababu ya kutiliwa shaka. Mwaka huohuo wa 2021, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba maelfu ya raia wa Msumbiji waliokimbilia Tanzania walirudishwa kupitia Negomano. Waliovuka wakitafuta usalama wakajikuta wamerudishwa upande uleule waliokuwa wakiukimbia.

Ajabu ni kwamba lugha hiyohiyo ndiyo ilisaidia baadaye. Wanajeshi wa Rwanda walipowasili Julai 2021, wengi walikuwa na Kiswahili, wakaweza kusemezana na watu wa pwani kwa urahisi kuliko baadhi ya askari wa Msumbiji wenyewe waliotoka mikoa ya kusini na Kireno chao. Msumbiji na Rwanda hawapakani, na hawamo katika jumuiya moja ya kikanda, moja ikiwa SADC na nyingine Afrika Mashariki. Kama unatafuta K na J wa kweli, wako hapo.

Turudi kwenye filamu. J anafanyiwa majaribio ya kazi pamoja na wanajeshi hodari. Wanaingizwa chumba chenye sanamu za mazimwi ya kutisha, wenzake wanayamiminia risasi. J anaangalia kwanza, anapiga moja tu, na sanamu aliyoipiga ni ya msichana mdogo. Akiulizwa, anaeleza: zimwi mmoja alikuwa anafanya mazoezi, mwingine ana mafua na kitambaa mkononi, lakini mtoto usiku ule, katikati ya mazimwi, akiwa na vitabu vya fizikia vilivyomzidi umri, hana maelezo. Anaajiriwa. Alitazama kila mmoja anafanya nini na ameshika nini. Gunia la mchele na doti za khanga nazo zina maelezo yake, kama anayetazama anataka kuyasoma.

Kifaa maarufu cha majasusi hawa ni kijiti kinachomulika mwanga na kufuta kumbukumbu za aliyekitazama. Kwenye filamu wanaosahau ni raia. Kwenye vituo vingi vya mpakani kijiti kinamulika upande wa pili: anayesahau ni afisa. Umepita Jumanne, umepita Jumanne iliyotangulia, na leo unaulizwa jina, kabila, unakokwenda na kilichomo ndani ya gunia kana kwamba umeshuka sasa hivi kutoka Mars. Kila usahaulifu una bei, nayo hailipiwi risiti.

Najua jibu la watu wa usalama: Ruvuma si Namanga, hapa kuna vita. Ni kweli, na mwandishi anayekuja kwa siku chache hana haki ya kulidharau jibu hilo. Lakini afisa asiyewajua wavukaji wake wa kila siku atamtambuaje yule asiye mmoja wao? Aliyejificha hufurahia foleni ambayo kila mtu ndani yake ni mgeni.

Ninachodai ni kidogo na kimeshafanyika kwingine. Namanga, Busia na Rusumo, maafisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizozalishwa humo unapita kwa cheti kilichorahisishwa. Msumbiji haimo katika Jumuiya hiyo, lakini nchi zote mbili zimo SADC, na SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne jijini Dar es Salaam, Agosti 2019. Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010, lakini liko mbali sana bara. Watu wa pwani hutumia njia ya Kilambo na Namoto, kwa maji.

Basi tuanzie hapo. Dawati moja, maafisa wawili: mmoja wa Mtwara mwenye Kiswahili, mmoja wa Cabo Delgado mwenye Kireno na Kimwani. Watagombana wiki ya kwanza, kama K na J walivyogombana. Fomu ziwe kwa lugha zote mbili, na liwepo daftari la wavukaji wa kawaida, lenye picha na aina ya biashara, linalosomwa na pande zote mbili ili anayepita kila Jumanne asianze upya kila Jumanne. Mkutano ujao wa ujirani mwema kati ya Mtwara na Cabo Delgado unaweza kulijadili hilo kabla ya chakula cha mchana.