RISASI IKIKOSA MWIZI, NANI ALIPE?



Nairobi kuna neno linalotumiwa kutufunga midomo. Neno hilo ni "kujikinga". Askari au tajiri mwenye bastola ya leseni akifyatua risasi, ikamkuta mchuuzi, makanga au mama muuza uji, huambiwa: "Mwenye bunduki alikuwa akijikinga." Basi shauri limekwisha! Aliyeumia hujilipia hospitali, na watoto wake hulala njaa. Sisi twasema HAPANA.

Hatumkatazi mtu kuokoa roho yake. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipoua watu 67 katika Westgate huko Westlands, raia wenye bastola zao waliingia kuwatoa wenzao. Watu wa namna hiyo twawaheshimu. Lakini haki ya kujikinga ni haki juu ya yule anayekushambulia. Haivuki ikamfikia mpita njia.

Tuseme jambazi amemtolea askari bastola kituo cha matatu Kangemi, saa kumi na mbili jioni. Jambazi akipigwa, hana dai. Lakini mama anayenunua sukuma wiki nyuma yake hakumshambulia mtu. Kwake swali la korti ni jingine: Je, aliyefyatua alikuwa na hadhari ipasavyo? Palikuwa na umati? Angaliweza kungoja? Ikiwa alizembea, alipe. Na ikiwa alikuwa kazini, mwajiri wake alipe pamoja naye. Hata akiachiliwa katika kesi ya jinai, dai la fidia halifi, maana korti ya madai haihitaji ushahidi mzito kama ule.

Na ikiwa hakuzembea? Hapo mama hurudi nyumbani mikono mitupu. Hapa ndipo ugomvi wetu ulipo! Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2007 humlipa mfanyakazi aliyeumia kazini bila kuuliza ni kosa la mwajiri au si kosa lake. Matatu haiendi barabarani bila bima ya watu wengine. Je, bunduki ni salama kuliko matatu?

Tena tazameni muda. Ukiumizwa na mtu binafsi, una miaka 3 ya kushtaki. Ukiumizwa na Serikali, Sura ya 39 yakupa miezi 12 tu. Mwenye mguu uliovunjwa na risasi hutumia miezi hiyo kitandani. Hata akishinda, si rahisi kukamata mali ya Serikali kwa deni. Hungoja, na kungoja tena.

Tusisahau Moi Avenue, tarehe 17 Juni 2025. Kijana muuza barakoa alipigwa risasi ya kichwa na polisi kwa karibu, akafa tarehe 30 mwezi huo huo. Picha zilionyesha kwamba hakuwa na silaha, na askari alishtakiwa. Pasingalikuwa na picha, tungaliambiwa nini? Tungaliambiwa lile neno letu la zamani.

Kwa hiyo twadai:

1. Mpita njia aliyeumizwa na risasi ya askari alipwe na Serikali, pawe na uzembe au pasiwe. Amani ni ya wote. Gharama yake isibebwe na maskini mmoja.
2. Kila mwenye leseni ya bunduki awe na bima ya watu wengine.
3. Miezi 12 ifutwe, iwe miaka 3 kwa wote.

Nanyi, ndugu, msikae kimya. Sheria ya Polisi ya 2011 yamwamuru askari ampe aliyeumia msaada wa matibabu mara moja, na IPOA iarifiwe akifa au akiumia vibaya. Chukueni nambari ya OB, jazeni fomu ya P3, wekeni risiti za hospitali, andikeni majina ya walioona. Kisha njooni kwa chama mapema, kabla mwaka haujapita.

Mnyonge peke yake huombwa msamaha. Wanyonge wakiungana hulipwa.

UMOJA NI NGUVU!