Gredi ya Sita, Lakini Wimbo wa Taifa Huwezi?

Wasee wa piano, leo naongea na nyinyi. Hasa nyinyi wa hapa Parklands mnaopita na vitabu vya ABRSM kwa begi kila Jumamosi.

Mtihani wa vitendo unataka vipande vitatu, skeli, kusoma noti papo hapo na majaribio ya masikio. Basi mwaka mzima unasukuma vipande vitatu. Ukipita unavisahau, unaanza vingine vitatu. Halafu kwa harusi ya binamu mtu anasema, "Si wewe hupiga piano? Tupigie kitu tuimbe," unaanza kutafuta mlango. Mathe amelipa karo miaka sita, na hakuna wimbo hata mmoja ambao shangazi zako wanaweza kuimba nawe. Mimi naona hiyo ni hasara.

Sisemi uache gredi. Skeli zinajenga vidole, hapo hakuna ubishi. Lakini kumfuata mwimbaji ni kazi tofauti kabisa. Anaanza kwa ki yoyote iliyomjia. Anavuta pumzi mahali hukutarajia. Anarudia kiitikio mara ya nne kwa sababu watu wamekipenda. Na usiniambie kuna kitufe cha kuhamisha ki. Piano ya mbao ya ukumbi wa shule haina hicho kitufe.

Kuna walimu husema kupiga kodi (si ile ya KRA, tulia) ni njia ya mkato ya wavivu. Sikubali. Enzi za Bach, mpiga kinanda alipewa mstari wa besi na tarakimu, mengine akajaza mwenyewe. Leo kanisani kiongozi wa sifa anainua vidole vinne, na msee wa kinanda anahamia kodi ya nne. Ujuzi ni uleule. Na kwa mahekalu ya Wahindi huku kwetu, mpiga harmoniamu anafuata bhajan kwa sikio.

Ningekuwa wewe, kila saa ya mazoezi ningetoa dakika 15 kwa hii kazi. Anza na Malaika: kodi ya kwanza, ya nne na ya tano zinakutosha. Ikishika, ihamishe kwa ki nyingine. Kisha Wimbo wa Taifa, ule uliotokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Huo uko kwa maina, kwa hivyo utakufunza rangi nyingine. Kama wewe ni wa kanisa, ongeza mbili tatu za Tenzi za Rohoni. Mkono wa kushoto upige besi, wa kulia ushike kodi. Melodi iache, mwimbaji tayari anayo!

Kisha tafuta rafiki anayeimba. Akiwa anaimba vibaya, afadhali zaidi. Akiruka mstari, usisimame na usirudi nyuma kurekebisha. Mrukie hapo alipo, muendelee.