Amana Si Urithi

Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa fundi wa bodi za magari Changamwe. Serikali ilipozifungulia njia matatu mwaka 1973, alizigeuza pikapu za Peugeot 404 kuwa za abiria: akagonga mabati, akafunga mabao ya kukalia, akapaka rangi kwa mkono wake. Uzeeni alijishughulisha kuyafufua magari makongwe.

Alipofariki, uani palisalia magari matatu, na watu wakayahesabu yote kuwa urithi. Mama yetu aliwazuia. Mawili yalikuwa ya wateja, na arubuni za kazi isiyokwisha zilikuwa deni. Aliyajua hayo kwa kuwa mumewe alimweleza kila jioni.

Enyi mama zetu, sharia imepanga: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo mirathi. Thumuni ya mjane, iwapo marehemu ameacha watoto, hutoka katika kilichobaki. Amana haimo katika hesabu hiyo. Basi waulizeni waume zenu wangali hai: kilichomo uani ni cha nani?

Sisi tulirejesha magari mawili pamoja na arubuni zake, tukarithi moja.