SEHEMU YA 7: Kasi ya Agosti usiidai Januari

Ndugu zangu wa jogging, meseji zenu nimezisoma. Nyingi ni wimbo mmoja: "Sista, mimi nimeisha. Agosti kilomita 10 nilipiga dakika 52, sasa hivi 60 na pumzi sina, kilo zimeongezeka tatu." Halafu linafuata lile swali la sindano ya nguvu. Nitalifikia.

Hujaisha. Ni Januari. Huku kwetu Shinyanga na Geita mvua zinashika kuanzia karibu Novemba mpaka Aprili au Mei. Njia ni tope, alfajiri inanyesha, na nusu yenu mko shambani. Kulima ni kazi ngumu, ila hakukujengei pumzi ya mbio. Ukikaa wiki mbili tatu bila kukimbia, sehemu ya majimaji ya damu inapungua, moyo unasukuma kidogo kwa kila pigo, ndiyo maana unahema kwenye kilima ulichokuwa unakipanda huku unapiga stori. Na kwa kawaida kilichopotea namna hiyo hurudi haraka kuliko kilivyojengwa mara ya kwanza.

Wasukuma hili walishalimaliza zamani. Bagika na Bagalu wanashindana ngoma baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, si katikati ya palizi. Hata timu za ligi zinavunja kambi msimu ukiisha, kisha zinaanza upya taratibu. Sasa wewe una shifti za usiku mgodini na watoto watatu, unataka fomu ya miezi 12 ambayo hata anayelipwa kukimbia hana! Alphonce Simbu alipata shaba ya dunia London 2017, dhahabu akaipata Tokyo Septemba 2025. Hapo katikati ni miaka minane.

Ila kinachonitoa usingizi ni malaria, maana huu ndio msimu wake. Vijidudu vile vinavunja chembe nyekundu za damu, hizo hizo zinazobeba oksijeni. Unameza ALU siku tatu, homa inakwisha, unajiona mzima. Damu yako bado. Inaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi. Mtu anamaliza dozi Ijumaa, Jumapili yuko barabarani na kilomita 15 kwa sababu kundi zima linatuma picha za saa zao. Jamani! Anza kwa kutembea, na kama unasikia kizunguzungu nenda ukapime wingi wa damu.

Haya, sindano. Vitamini B haimwongezei pumzi mtu asiye na upungufu wake. Na wale wa diklofenaki mbili kabla ya mbio ndefu "ili magoti yasisumbue": dawa hiyo, jasho jingi na maji kidogo, zinazoumia ni figo. Sichomi, siandiki, msiniombe inbox.

Lakini msije mkasingizia msimu kila kitu. Msimu hauleti kikohozi cha wiki mbili, wala hauondoi kilo ambazo hukupanga kuziondoa, wala haukuloweshi shuka usiku. Nawaambia hasa mnaopasua na kusaga mwamba, kuanzia Kahama mpaka Nyarugusu: vumbi lile la mawe linaumiza mapafu na kuipa TB mlango. Kipimo cha TB kwenye vituo vya serikali ni bure. Na dada ambaye hedhi imepotea miezi mitatu na si mjamzito, usifurahie kwamba umepata mwili wa mazoezi. Njoo kituoni, pengine unakimbia sana na kula kidogo.

Waliojiandikisha Kili Marathon, nendeni. Ila pigeni hesabu kwa kasi mliyonayo leo, maana Moshi kuna milima na saa ya Agosti haitawasaidia. Ukimaliza nyuma ya mtu uliyemwacha mwaka jana, mpe mkono, kunywa maji, panda basi urudi kupalilia.

Sehemu ya 8 ni Jumapili: viatu vya mtumba na nyayo zenu.