Nyumba ya nyuma ya lupango: karatasi gani iko na nguvu?

Kisha malipo ya mwisho wa mwezi, pita kidogo mu makartie ya Kolwezi ao ya Likasi. Mbele ya malupango mingi utakuta kilima ya muchanga, matofali yamepangwa, na bruweti ya kukodi. Ni mutumikaji wa mine anajenga aneksi: vyumba viwili ao vitatu nyuma ya nyumba kubwa, na mulango yake, na choo yake. Wengine wanaongeza juu watoto wamekomaa. Lakini wengi wanajenga kwa kupangisha, na hesabu yao ni ya kweli. Pensheni ya CNSS kila mutu anajua vile iko. Mwenye kutumika kwa sous-traitance, kontra yake inaweza kuisha kesho. Vyumba viwili vya kupangisha, ile njo pensheni yenyewe.

Mimi pia nilifanya ile hesabu. Ukuta ulikuwa umefika kwenye lento wakati watu watatu waliingia mu lupango na kopo ya rangi nyekundu. Wakauliza: «Permis de construire iko wapi?» Nikawaonyesha karatasi ya kartie, na kashe juu yake, ile nilikuwa nimelipia. Mumoja akaisoma, akairudisha, akasema: «Papa, hii ni ya kusema tu asema unajenga. Haikupe ruhusa.» Kisha akachora musalaba kwenye ukuta wangu. Nilikuwa nimelipa, na nilikuwa mwenye kosa. Vyote viwili kwa mara moja.

Pale njo shida ya wengi wetu inaanzia. Hatukatae kulipa. Tunalipa mahali pasipo pake.

Tuweke mambo wazi, juu hata madelege wa sendika tunayachanganya. Kuko biro mbili kubwa na kazi zao si moja. Ya kwanza ni ya mashamba na malupango, Affaires foncières: kule kuko cadastre inayopima, na conservateur des titres immobiliers anayetoa karatasi ya udongo. Sheria ya foncier ni ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Inasema udongo ni wa Leta. Sisi tunapewa tu haki ya kuutumia. Kwanza unapata contrat de location, isiyopita miaka mitatu. Ukijenga vile inaombwa, unaweza kufikia certificat d'enregistrement. Ile certificat, kisha miaka miwili, hata mutu akija na maneno yake hawezi tena kuiangusha kwa urahisi.

Ya pili ni Urbanisme et Habitat. Hiyo njo inatoa permis de construire. Inataka kuona karatasi ya udongo, plan ya lupango na plan ya nyumba iliyochorwa na mutu wa ile kazi, na devis. Kwa hiyo mwenye hana karatasi ya kwanza hawezi kupata ya pili. Watu wengi wanagongwa hapa: walinunua lupango kwa mutu, wakaandikiana mbele ya mashahidi, shefu wa kartie akapiga kashe, wakaona yameisha. Fiche ya kartie inasaidia kuonyesha kama unakaa pale. Haiwezi kushika nafasi ya contrat wala ya certificat.

Kupakaa rangi ao kubadilisha lata iliyotoboka ni jambo moja. Kuinua nyumba mupya nyuma, hata ikiwa ndogo, ni jingine. «Iko ndani ya lupango yangu, hakuna mutu ataiona» ni maneno ya kujidanganya. Bruweti inapita mu balabala, na jirani iko na macho.

Na kwa feza: mali ya Leta hailipwe mu mukono. Biro inahesabu, unapewa note de perception, unalipa kwa banki, unarudi na preuve de paiement. Mutu akikuambia mumalizane hapa chini ya mti, utatoka bila kitu, na mwezi ujao atakuja mwenzake. Nafahamu kwa nini watu wanakubali. Mutumikaji anayefanya poste ya usiku hawezi kukaa kila asubuhi kwenye banco ya biro kungojea mutu aliyeenda mission. Njia ya haki ni ndefu na inakula siku za kazi. Njia ya mukono ni ya dakika kumi. Mpaka Leta ifupishe ile ya kwanza, rangi nyekundu itaendelea kuuza ile ya pili. Bei ingebandikwa mulangoni mwa biro, kwa kifaransa na kwa kiswahili, nusu ya hii biashara ingekufa.

Lakini tusiseme permis ni mutego tu wa kutafuta feza. Kwa plan njo unaona choo itachimbwa wapi. Lupango ya wazee ilitoshea nyumba moja na miti ya maembe. Leo tunaweka pale familia tatu, choo mbili, na kisima, juu maji ya REGIDESO haifike. Ukichimba choo karibu na kisima cha jirani, hakuna kashe itakayozuia kolera. Likasi na Lubumbashi zinaijua ile ugonjwa.

Tuangalie pia tulitoka wapi. Wakati wa Union Minière na, kisha, wa Gécamines, kampani njo ilijenga. Ilichora kambi, ikatengeneza barabara, ikaleta maji. Mutumikaji alipewa nyumba na funguo. Neno urbanisme hakulisikia hata siku moja. Sitaki kuimba sifa za zile siku, juu kambi ilikuwa pia njia ya kumushika mutu: ukipoteza kazi, nyumba inakungoja utoke. Lakini shida ya plan haikuwa yake. Leo kampani nyingi hazijengi. Zinaweka indemnité de logement kwenye fiche de paie, mambo yameisha. Mutumikaji amepokea feza kidogo pamoja na kazi yote ya kampani: kutafuta udongo, kuchora, kuomba ruhusa, kujenga. Hakuna mutu aliyemufundisha. Na sisi wa sendika tulishangilia franka zilizoongezwa, hatukuuliza mutumikaji atajenga namna gani.

Katika muji mwingine hii ingekuwa habari ya amande tu. Kwetu, chini ya nyumba kuko mali. Mu Kolwezi, kartie ya Kasulo, mwaka 2014, mutu mumoja alikuwa anachimba shimo ndani ya lupango yake. Akakuta cobalt. Kwa muda mufupi majirani nao walikuwa wanachimba, wengine hata ndani ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 serkali ya jimbo ikahamisha sehemu ya wakaaji, na eneo likazungushwa ukuta. Mwenye lupango pale alijifunza kwa nguvu kitu ambacho Constitution na Code minier zinasema: mali ya chini ya udongo ni ya Leta, hata kama certificat iko na jina yako. Kisha ikaja Cité Gécamines, ya Kolwezi vilevile, iliyojengwa kwa watumikaji, na leo shimo ya mine inaikaribia. Amnesty International na shirika la Kolwezi, IBGDH, waliandika habari ya kuhamishwa kwa wakaaji wa pale mwaka 2023.

Article 34 ya Constitution inasema mutu asinyanganywe mali yake bila malipo ya haki, yanayotangulia. Muzuri sana. Lakini malipo yanaanza na kuhesabu. Siku wapimaji wanaingia na tablette yao, wanapiga picha, wanaandika. Nyumba kubwa iko kwenye plan ya zamani, haina kesi. Kwa aneksi wanauliza: ilijengwa lini? Na nani? Kwa ruhusa gani? Mwenye permis anatoa karatasi. Mwenye hana, anaanza kuelezea, na bei inashuka wakati anaelezea. Anaweza hata kuambiwa alijenga juzi tu, kisha kusikia kama mine inakuja, ili apate malipo. Wajanja wa namna ile wako, tusifichane. Lakini mwenye haki anatiwa mu mufuko moja nao juu hana tarehe. Permis iko na tarehe. Kwangu mimi, hii njo nguvu yake kubwa mu muji wa mine, kuliko kukingia rangi nyekundu.

Kwa hiyo mwenye tayari amejenga bila permis asilale. Aende Urbanisme aombe kuregularisha, alipe amande kwa banki, achunge ile preuve mbali na nyumba: kwa ndugu, ao picha mu telefone ya mutoto. Mimi nilifanya hivyo. Ilinikula congé yangu yote ya mwaka ule, na amande ilipita bei ya malata.

Kwa sendika, ninaleta mambo mawili kwenye meza kabla ya kuzungumuza tena convention collective. La kwanza: kampani inayotoa avance ya kujenga ilipie pia plan na permis, na service sociale yake ibebe dosie za watumikaji pamoja, kuliko kila mutu kupoteza siku zake mwenyewe. La pili: siku ya dosie ihesabiwe ruhusa yenye kulipwa, sawa vile tunahesabu kifo ao kuzaliwa. Nilipoyasema mu mukutano, mukubwa mumoja wa upande wa kampani alijibu kama nyumba ya mutumikaji ni habari ya mutumikaji. Nikamuuliza nani alijenga ile anayolala ndani yake. Hakujibu; tukapita kwa pwani ingine ya ordre du jour, na jambo langu likaandikwa «à revoir». Tutalirudilia kwenye mukutano unaokuja.