SEHEMU YA 9: PIMA PALE AMBAPO KOSA LITAMUUMIZA MTOTO

Nimetoka zamu sasa hivi, chai iko mkononi. Leo tuache kidogo mambo ya uji na kunyonyesha.

Mama mmoja hapa anajifunza kuandika programu huku analea. Anatengeneza ya kwenye simu, ya kuwakumbusha kina mama tarehe za chanjo. Kaniuliza: "Dada nesi, naambiwa kila kipande cha kodi nikiandikie jaribio. Nitaweza na huyu mtoto mgongoni?"

Kodi hapa ni maandishi ya programu, siyo ya nyumba jamani! Na jaribio ni kodi fupi inayokipa kipande kimoja namba, kisha inaangalia kama jibu ni sahihi.

Mimi nasema usijaribu vyote. Hata wodini mgonjwa hafanyiwi kila kipimo kilichopo maabara. Anza pale ambapo ukikosea mtu anaumia, na kosa lenyewe halionekani kwa macho.

Rangi ya kitufe? Itazame tu, inatosha. Maneno ya "Karibu mama"? Achana nayo. Lakini kipande kinachohesabu tarehe usikiache.

Mfano, chanjo ya penta hutolewa wiki ya 6, 10 na 14. Mimi na mdogo wangu tulitengeneza programu kama hiyo, ikahesabu siku 42, 70 na 98 tangu kuzaliwa. Tukashangilia. Halafu nikauliza: je, mtoto aliyechelewa, dozi ya kwanza kapata wiki ya 8? Ikajibu arudi wiki ya 10. Kosa hilo! Kati ya dozi na dozi zipite angalau wiki 4, kwa hiyo ni wiki ya 12. Na tarehe ilionekana nzuri kabisa, mama yeyote angeiamini.

Kwa hiyo mpendwa, jaribu mtoto aliyewahi, aliyechelewa, na tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa ikaandikwa ya mwakani. Ukikuta kosa jipya, liandikie jaribio lake ili lisirudi kimyakimya.

Wapo watakaosema kujaribu vyote ndiyo usalama. Mwenye muda afanye, sikatai. Ila wewe una saa moja tu mtoto akiwa amelala. Ukiimalizia kwenye vitufe, tarehe zitabaki hazijapimwa.

Na kadi ya kliniki usiitupe, simu ni msaidizi tu.

Wewe unaonaje? Niandikie hapo chini.