Tusimgeuze Mtumwa Anayejitolea

Ziko kazi ambazo hazionekani mpaka siku zinapoharibika. Mojawapo ni kutunza programu huria za kompyuta, yaani zile ambazo maandishi yake yamewekwa wazi ili mtu yeyote ayasome, ayarekebishe na kuyatumia bila malipo. Tukio la mwaka 2024 yafaa lizingatiwe na kila mtumishi ambaye ofisi yake inategemea kompyuta, maana kiini chake si mitambo bali ni mwenendo wa wanadamu.

Programu yenyewe yaitwa XZ. Kazi yake ni kubana majalada ili yachukue nafasi haba. Imo katika kompyuta nyingi mno zinazoendeshwa kwa Linux, na kwa miaka mingi mzigo wa kuitunza ulikuwa mabegani mwa mtu mmoja wa Finland, aliyeifanya bila mshahara.

Mwaka 2022 walijitokeza watu waliomkemea hadharani eti matoleo mapya yanachelewa. Akajibu kwa upole kwamba kazi hiyo haina malipo na kwamba afya yake si nzuri. Hawakujali; wakamtaka agawe madaraka. Wa kugawiwa alikuwapo tayari, akijiita Jia Tan, mchapakazi na mwepesi wa kusaidia. Akaaminiwa. Wengi sasa wanaamini kwamba wakemeaji wale walikuwa wenzake.

Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0, na Machi 5.6.1. Hapa ndipo penye hila. Maandishi yaliyowekwa hadharani hayakuwa sawasawa na furushi lililofungwa kwa ajili ya watumiaji. Katika furushi kulikuwa na mistari michache ya ziada, iliyoizindua sumu iliyofichwa ndani ya majalada ya majaribio, ili mwenye ufunguo wa siri aweze kuingia katika kompyuta za wengine. Ni kama unga uliosagwa mbele ya halaiki, kisha ukatiwa magunia gizani.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, ambaye wala hakuwa akitafuta wezi. Aliona tu kwamba kuingia katika kompyuta kunachelewa kwa nusu sekunde hivi, naye akakataa kulipuuza jambo hilo. Tarehe 29 Machi akatangaza, kabla sumu haijafika katika matoleo imara ya Linux yanayotumiwa na wengi.

Wako wanaodai kwamba kisa hiki chathibitisha ubovu wa programu huria. Hatukubaliani nao. Freund aliweza kuufuata uchafu hadi chanzo chake kwa sababu maandishi yalikuwa wazi. Kosa liko kwingine: makampuni makubwa ya dunia yalivuna jasho la mtu mmoja bila kumpa hata msaidizi, na kelele za kumharakisha zikawa ndizo mlango wa adui. Walimu wanaosahihisha madaftari usiku bila posho, kisha wakaulizwa asubuhi mbona matokeo yamechelewa, watamwelewa bwana huyo wa Finland upesi kuliko sisi wengine.

Naye mkuu wa idara anayeagiza kila toleo jipya lipachikwe siku ile ile lilipotoka, bila kumweka mtu wa kulikagua, asiiite haraka hiyo maendeleo.

Toleo lililosafishwa, 5.6.2, lilitoka Mei 2024. Aliyelitoa ni mtunzaji yule yule wa kwanza.